Kukwamua, Kugandua na Kubanua: Istilahi za Shafti ya Trekta

"Mhimili ukinasa, uachie huru kwa kuivuta nira."

Sentensi hii haikutungwa kwa mzaha. Ilikuwamo katika tafsiri ya kijitabu cha matumizi ya fyekeo la trekta, nami nilipewa kijitabu hicho nikihariri. Sarufi yake haina kasoro, na kila neno lililomo ni neno la Kiswahili linalojulikana. Niliipitisha. Aliyeikataa ni fundi wa shamba moja la mkonge mkoani Tanga, ambaye tulimpelekea nakala ya majaribio. Aliisoma kwa sauti mara mbili, kisha akauliza: "Mwalimu, nira si ya ng'ombe? Na huyo mhimili anayeachiwa huru, alikuwa amefungwa kwa kosa gani?"

Nililazimika kwenda kuitazama kazi yenyewe, jambo ambalo yafaa ningelifanya kabla ya kushika kalamu. Niliyojifunza nayaeleza hapa kwa ajili ya wafasiri na walimu wanaopewa vijitabu vya namna hiyo, kwani kosa katika kijitabu cha mitambo si kama kosa katika risala. Msomaji wake husoma akiwa ameshika spana.

Fyekeo la trekta ni mashine yenye visu vizungukavyo, ambayo hufungwa nyuma ya trekta ili kukata nyasi na vichaka katikati ya mistari ya mkonge, chini ya minazi au kandokando ya barabara. Fyekeo lenyewe halina injini. Nguvu yake hutoka katika ncha fupi ya chuma iliyojitokeza mgongoni mwa trekta, ambayo mafundi huiita kwa herufi tatu za Kiingereza, pi-ti-o. Katika makala haya nitaiita kitoanguvu, kwa kufuata mfano wa kipimajoto na kinasasauti. Kati ya kitoanguvu na fyekeo kuna shafti, nayo ndiyo iliyoitwa mhimili katika tafsiri yetu.

Shafti hii si fimbo moja. Imeundwa kwa mabomba mawili, moja likiingia ndani ya jingine, na mafundi huyaita jike na dume. Hapana budi iwe hivyo, kwa kuwa trekta linapopita juu ya tuta au linapolinyanyua fyekeo kwa mikono yake ya haidroli, umbali baina ya kitoanguvu na fyekeo hubadilika. Dume hutoka na kuingia ndani ya jike, na shafti ikarefuka au ikafupika huku ikiendelea kuzunguka. Kila mwisho wa shafti una kiungo kinachoiwezesha kuzunguka hata ikiwa imepinda. Mabomba yakishikana hata yasiweze kuteleza, shafti huwa kama gogo. Dereva akinyanyua fyekeo, gogo hilo husukuma upande mmoja beringi za trekta na upande wa pili gia za fyekeo, na lililo dhaifu huvunjika. Gharama yake yaweza kuzidi bei ya shafti mara nyingi.

Baada ya maelezo hayo, udhaifu wa neno mhimili waonekana wazi. Mhimili ni kitu kinachobeba au kinachoegemewa: boriti ya nyumba, au mhimili wa dunia unaofundishwa katika jiografia. Shafti ya fyekeo haibebi uzito wowote. Kazi yake ni kupokeza mzunguko. Wapo wanaopendekeza mtaimbo, lakini fundi akiagizwa kuleta mtaimbo ataleta chuma cha kuvunjia mawe. Shafti limekwisha kuwa neno la Kiswahili, lina ngeli yake, na sioni faida ya kulifukuza. Yatosha kulifafanua pale inapohitajika: shafti ya kupokezea nguvu.

Kuhusu nira, chanzo cha kosa ni rahisi kukiona. Kipande cha chuma chenye matawi mawili kilicho mwishoni mwa shafti huitwa kwa Kiingereza kwa jina lilelile la mti wa shingoni mwa maksai. Mfasiri alifungua kamusi akachukua maana ya kwanza. Mimi niliwaza uma, kwa kuwa kipande hicho kwa kweli kina umbo la uma, mpaka nilipojaribu kuandika wingi wake. Wingi wa uma ni nyuma. Hebu msomaji ajaribu kuelewa agizo lisemalo "linganisha nyuma mbili za shafti" akiwa amesimama nyuma ya trekta! Fundi ndiye aliyenipa jibu bila ya kujua kwamba ananipa istilahi. Alisema kile chuma ni kama panda ya manati. Panda ya mti na njia panda ni maneno ya kila siku, na wingi wake haubadiliki. Basi iwe panda ya shafti. Zile nyugwe zinazochongwa ndani ya panda na juu ya kitoanguvu ili viumane, mafundi huziita meno, nami sikuona sababu ya kuwanyang'anya neno lao. Kuna vitoanguvu vya meno 6 na vya meno 21, na mtu akitaja idadi ya meno kila fundi huelewa.

Hata hivyo majina ya vitu si tatizo kubwa. Tatizo kubwa limo katika kitenzi.

Mafundi husema kwa jumla kwamba shafti "imeshika", au "imegoma", neno ambalo nalipenda sana kwa kuwa laifanya mashine kuwa mfanyakazi mwenye madai. Lakini kugoma hakuelezi sababu, na kushika hakuna kinyume chake ila kuachia. Ndipo alipotoka yule mhimili wa kuachiwa huru. Kumbe lugha yetu ina vitenzi kadhaa ambavyo kila kimoja hueleza namna yake ya kushikana, na kila kimoja kina mwenzake katika kauli ya kutendua: kubana na kubanua, kukwama na kukwamua, kuganda na kugandua, kunasa na kunasua. Asubuhi ile nilishuhudia kwamba tofauti hizi si pambo. Kila kitenzi kina dawa yake.

Kwanza fundi alizima injini, akatoa ufunguo akautia mfukoni. Fyekeo lilikuwa limekwisha kushushwa chini likalala ardhini. Akangoja visu visimame kabisa, kwani huendelea kuzunguka kwa muda baada ya nguvu kukatwa. Baada ya hapo tu ndipo alipoigusa shafti.

Panda haikutaka kutoka kwenye kitoanguvu. Mwanafunzi wake akaleta nyundo, fundi akaikataa. Alihakikisha kwamba kitoanguvu kimetolewa gia, akaishika shafti kwa mikono miwili na kuizungusha kinyume kidogo sana. Alieleza kwamba visu vilisimama vikiwa vimeegemea kisiki, hivyo meno ya panda yalibaki yakisukumana na meno ya kitoanguvu. Huku ni kubana: hakuna kutu wala uchafu, ila nguvu iliyobaki ndani. Namna nyingine ya kubana hutokea endapo fyekeo limelala mahali palipoinuka na dume likaingia ndani ya jike mpaka mwisho, ikawa shafti inakisukuma kitoanguvu. Hapo dawa ni kubadili kimo cha mikono ya trekta au kulisogeza trekta sentimita chache, watu wote wakiwa mbali. Kubanua ni kuiondoa ile nguvu. Anayetumia nyundo mahali hapa huharibu meno.

Panda ikatoka nusu ikasimama tena. Sasa ilikuwa imekwama. Kukwama ni kwa kitu kilichokuwa kikienda kikazuiwa njiani, kama gari katika matope. Kizuizi kilikuwa pini ya kufungia, ambayo hubonyezwa ili panda iteleze. Udongo na majani makavu vilikuwa vimejaa katika tundu lake, hata pini haikurudi yote. Kwa brashi ya waya, mafuta kidogo na kugongagonga pini kwa wepesi, ikakwamuka.

Kazi ngumu ilikuwa mabomba yenyewe. Shafti ilikuwa imekaa nje msimu mzima wa mvua bila kupakwa grisi, na jike na dume vilikuwa kitu kimoja. Hapa neno ni kuganda, kwani kutu na grisi iliyokauka hujaza nafasi baina ya mabomba kama uji uliopoa. Kugandua kwahitaji subira kuliko nguvu. Fundi aliitoa shafti yote katika mashine, akavua kinga yake ya plastiki, na kwa tindo akatia alama juu ya jike na dume ili ajue vilivyokaa. Alama hii si ya urembo. Kiungo kilichopinda hakizunguki kwa mwendo ulio sawa; huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko, na kiungo cha pili hulisahihisha kosa la kiungo cha kwanza iwapo tu panda mbili za ndani zimelala katika ubapa mmoja. Anayezirudisha vibaya ataona fyekeo likitetemeka, na beringi hazitadumu.

Kisha akaisimamisha shafti wima, akamimina mafuta membamba ya kupenya mahali dume liingiapo, akatuambia turudi kesho yake. Kesho yake akaligonga jike pande zote, si kwa nguvu, huku upande wa pili umeegemezwa kwenye gogo ili bomba lisibonyee. Halikwenda. Akaongeza mafuta. Siku ya tatu alifunga panda moja kwenye mti mnene na nyingine kwenye winchi ya mkono, akaivuta polepole huku mwanafunzi akigonga, wote wawili wakisimama kando wala si kwenye mstari wa mnyororo. Shafti ikalia mlio mmoja mkali, ikagandua.

Nasema ikagandua kwa kuwa ndivyo alivyotamka yule mwanafunzi. Mwalimu wa sarufi angetaka ikaganduka, na katika kijitabu ndivyo tulivyoandika.

Nilimwuliza fundi habari za moto. Alisema moto hufaa ukielekezwa kwenye jike peke yake, kwa kuwa chuma kikipata joto hutanuka, na jike likitanuka dume likiwa bado baridi hupatikana nafasi. Lakini plastiki iwe imevuliwa, viungo visiguswe na moto, na kazi ifanywe mbali na mafuta na nyasi kavu. Yeye mwenyewe huukimbilia mwisho. Jambo alilolikataza kabisa ni lile la kuwasha injini na kukitia gia kitoanguvu kwa ghafula ili shafti "ishtuke".

Nimekiacha kitenzi cha nne makusudi. Kunasa hakuna mahali katika kazi hii yote, na napendekeza kisitumiwe kamwe kwa shafti iliyoshikana. Kinachonasa ni ndege mtegoni. Katika trekta kinachonasa ni kanga, mkono wa shati, kamba ya kiatu. Kitoanguvu cha kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa kila sekunde. Shafti yenye kipenyo cha milimita 35 huvuta nguo karibu mita 1 kwa sekunde; penye panda, ambapo kipenyo chaweza kufika sentimita 10, huvuta karibu mita 3. Hakuna mtu awezaye kujinasua kwa mwendo huo. Kwa sababu hiyo shafti huvikwa kinga, na kinga hufungwa mnyororo mdogo ili isizunguke pamoja nayo. Sasa fikiria kijitabu ambamo "shafti ikinasa" katika ukurasa mmoja ni habari ya kutu, na katika ukurasa mwingine ni habari ya kifo. Msomaji aliyezoea ile ya kwanza ataipita ya pili bila kushtuka.

Idadi hiyo ya mizunguko nayo ina historia inayotuhusu. Kampuni ya International Harvester iliuza matrekta yenye kitoanguvu tangu mwaka 1918, lakini ilikuwa mwaka 1927 ndipo chama cha wahandisi wa kilimo cha Marekani kilipokubaliana juu ya kipimo kimoja, mizunguko 536 kwa dakika, ambayo baadaye ikawa 540. Kabla ya hapo mashine ya kiwanda kimoja haikuhakikishiwa kufanya kazi na trekta la kiwanda kingine. Wafasiri wetu wa vijitabu bado wako kabla ya 1927: kila mmoja ana shafti yake na mhimili wake.

Sentensi iliyochapishwa mwishowe ni hii: "Ikiwa mabomba ya shafti yameganda, zima injini, iondoe shafti yote katika mashine, kisha igandue kwa mafuta ya kupenya. Usiivute kwa nguvu ya trekta." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Fundi aliisoma mara moja tu, akarudisha karatasi. Neno kitoanguvu alilikubali katika maandishi, lakini alisema kiwandani ataendelea kusema pi-ti-o, na kwamba mwanafunzi wake naye atasema hivyo. Katika toleo lililochapishwa tumeyaweka majina yote mawili chini ya mchoro wa kwanza.