Kanuni Bila Fundi Ni Karatasi Tupu

Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha saa nane za mchana, mwezi wa Februari, ndani ya darasa la mabati lisilokuwa na dari, hahitaji kuelezwa kwamba joto ni adui wa elimu. Wanafunzi husinzia, madaftari hugeuzwa pepeo, na mwalimu mwenyewe huitazama saa mara kwa mara. Shule yenye uwezo hununua feni, nayo ofisi yenye uwezo zaidi hutia kiyoyozi. Bili ikija, lawama zote huiangukia kampuni ya umeme. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: jengo hili lilijengwa na nani, naye alifunzwa na nani?

Swali hili lina uzito kwa sababu jengo si shati la kubadilishwa kila mwaka. Likishasimama hudumu miaka hamsini na zaidi, na kosa lililofanywa siku ya kuchimba msingi hulipiwa na wajukuu. Tena makosa yenyewe aghalabu ni ya mambo mepesi. Nchi yetu imepitiwa na ikweta. Jua la asubuhi na la jioni huwa chini, likazipiga kuta za mashariki na magharibi na kupenya madirishani. Jua la adhuhuri huwa karibu na utosi, na upenu wa kadiri hutosha kuyakinga madirisha yanayoelekea kaskazini na kusini. Kuuelekeza urefu wa nyumba ipasavyo hakumgharimu mwenyewe hata senti, maadamu ploti inaruhusu. Dari na matundu ya hewa karibu na paa hugharimu kiasi, lakini faida yake huonekana kila siku.

Haya si maarifa mageni. Waashi wa Lamu, mji uliotiwa na UNESCO katika orodha ya turathi za ulimwengu mwaka 2001, walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, wakaacha vichochoro vyembamba vyenye kivuli, na ua wa ndani wa kuingiza mwanga na hewa. Hawakuwa na kiyoyozi. Walikuwa na fundi aliyemfunza mwanagenzi, naye mwanagenzi akawa fundi.

Leo tunazo kanuni, na wala si haba. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zilitumika kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kutolewa kanuni mpya za kitaifa mwaka 2024. Kabla ya hapo, mwaka 2012, ziliwekwa kanuni za kupasha maji kwa nguvu za jua. Majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yaliamriwa kutia mitambo hiyo, na yale yaliyokuwepo tayari yakapewa muda wa miaka mitano. Muda huo ulikwisha, na majengo mengi mno yakaendelea kupasha maji kwa umeme kana kwamba hakuna lililosemwa.

Kwa nini? Sababu moja ni kwamba anayejenga siye anayelipa. Mwenye nyumba hubana gharama za ujenzi, kisha mpangaji akabebeshwa bili. Kifaa cha kuchemsha maji bafuni chenye kilowati 4 hula umeme sawa na balbu 400 za wati 10, na wengi wetu hukiwasha saa za jioni, wakati ambapo mahitaji ya taifa huwa kileleni na mitambo ghali ya mafuta huitwa kusaidia.

Sababu ya pili ni fundi. Nyumba nyingi humu nchini hujengwa na watu waliojifunza kazi kwa kutazama. Hao ni mafundi hodari wa mikono, na si haki kuwabeza. Lakini ni nani aliyewafunza kusoma pembe ya jua au kufunga mtambo wa maji ya moto usivuje? Fundi anayelipwa kwa siku hawezi kuiacha kazi wiki mbili kwenda chuoni, kwani jioni watoto wake watakula nini?

Hapo ndipo fedha za umma zinapohitajika. Wapo watakaoguna kwamba walimu wamechoka kukatwa, na wana haki ya kuguna. Hata hivyo, sidai ushuru mpya. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Waajiri nao hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani. Mwajiri akiwapeleka watu wake mafunzoni huweza kudai kurudishiwa gharama, ilhali mwashi wa kibarua hana mwajiri wa kumdaia.

Basi sehemu ya fedha hizo iwalipie mafundi karo katika vyuo vya kiufundi, pamoja na posho ya siku wanazopoteza. Sehemu nyingine iwaajiri wakaguzi wa kaunti wanaojua wanachokikagua. Na kila mwanakandarasi anayepewa kazi ya nyumba za umma alazimishwe kuchukua wanagenzi, ili kila mjengo uwe darasa. Iwapo sheria hairuhusu, wabunge wapo, na kazi yao ni kurekebisha sheria.

Tusipofanya hivyo, tutatumia jasho la mwalimu kujenga maelfu ya nyumba ambazo mwalimu huyo huyo, akibahatika kuipata moja, atalipa kuzipoza mchana na kuchemsha maji usiku hadi astaafu.

Nanyi wanafunzi msingoje wakubwa. Chukueni kipimajoto, pimeni darasa lenu asubuhi na alasiri, na mwandike dirisha lipi laelekea wapi. Hiyo ni fizikia, ni jiografia, na ni uraia pia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi bado tunajenga ukuta wenyewe. Tuna nafasi ya kuujenga bila ufa.