Saadani, Sehemu ya Bustani Isiyolimwa

Katika Waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko anakumbusha desturi moja ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Mtakatifu huyo aliomba kwamba katika bustani ya konventi sehemu iachwe daima bila kulimwa, ili maua ya porini yaote humo, na yeyote atakayeyaona amwinulie moyo Mungu, Muumba wa uzuri huo. Watawa wale walikuwa maskini, na mboga walizihitaji. Hata hivyo, sehemu ile iliachwa.

Ndipo tunapoanzia kila mara waamini waliohiji Bagamoyo, kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, wanapotuuliza kama inafaa kuendelea kaskazini hadi Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Inafaa sana. Huko nyika hukutana na Bahari ya Hindi: kwa upande mmoja twiga na nyati, kwa upande wa pili mchanga na mawimbi, na penye mlango wa Mto Wami, mikoko.

Wageni wengi hukimbilia ufukweni na kuipita mikoko kwa sababu ya matope yake. Sisi tungeshauri waanze nayo. Mizizi ya mkoko hushuka kutoka shinani kama magongo. Ile ya mchu huchomoza matopeni kama vidole, ikitafuta hewa. Katikati ya mizizi hiyo kamba na samaki wachanga hujificha hadi wakomae, kisha hutoka kwenda baharini. Kwa hiyo mvuvi anayetupa wavu mbali na mikoko bado anakula kwa neema ya miti hiyo. Tena miti hiyo huvunja nguvu ya mawimbi na kuzuia udongo wa pwani usichukuliwe na maji.

Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kupelekwa Uarabuni, na hata leo zinatafutwa kwa ujenzi na kuni. Hapa hatuna budi kujiuliza wenyewe. Parokia inapojenga ukumbi, nani huuliza boriti zimetoka wapi, na kama zimekatwa kwa kibali? Ni rahisi kumlaumu mkataji maskini, na kumsahau mnunuzi aliyeketi kwenye kamati ya ujenzi.

Waraka huohuo unatutaka tusikie kwa pamoja kilio cha dunia na kilio cha maskini. Wanakijiji wanaoishi jirani na hifadhi huishi na makatazo ambayo mgeni wa siku moja hayamgusi: hapa usivue, pale usikate. Basi kikundi kinachofika na chakula chote kutoka mjini na kuondoka bila kununua hata samaki mmoja kimeona uzuri, lakini hakijamwona jirani.

Kasa nao wana haki yao. Kasa jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo na kutaga mayai yapatayo mia moja. Baada ya miezi miwili hivi watoto huanguliwa na kuifuata nuru hafifu ya bahari. Tochi au moto wa kambi huweza kuwapoteza njia, wakaishia nchi kavu.

Wakati mzuri wa safari ni kiangazi, kwa maana masika barabara huwa tope. Kipindi cha Uumbaji, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 4 Oktoba, kinafaa kabisa. Viongozi wa jumuiya wawasiliane mapema na ofisi ya hifadhi kuhusu viingilio, na mtu yeyote asisogelee Mto Wami bila askari wa hifadhi, kwani una mamba na viboko. Takataka zote zirudi na basi. Nao wanakwaya watusamehe: vipaza sauti vibaki parokiani.