Nyumba ya Kandt ni ya Nani?

Mtu akisimama juu ya kilima cha Rebero, upande wa kusini wa Kigali, huuona mji umetandazwa mbele yake kama ramani juu ya meza ya kamanda. Hata jina la kilima hiki latokana na kitenzi cha Kinyarwanda kureba, yaani kutazama. Na wapiganaji wa RPA waliokishikilia mwaka 1994 waliijua vema thamani ya mahali pa kutazamia.

Siku tuliyopanda huko, macho yetu hayakutafuta majumba mapya ya ghorofa. Tuliutazama mgongo wa Nyarugenge, ng'ambo ya bonde, ambako ipo nyumba moja ya kale iitwayo Nyumba ya Kandt, ambayo sasa ni makumbusho. Tukajiuliza swali analoulizwa kila polisi anayekuta kitu bila mwenyewe: mali hii ni ya nani?

Jina lililo mlangoni ni ushahidi, lakini si hati. Daktari Richard Kandt alizaliwa mwaka 1867 mjini Posen, ambao leo ni Poznań nchini Poland. Alikuja katika nchi zetu kutafuta chimbuko la mto Nile, na mwaka 1898 akaufuata mto Rukarara hadi ndani ya msitu wa Nyungwe. Habari za safari hizo alizitoa mwaka 1904 katika kitabu alichokiita Caput Nili. Wakati ule hakuwa mtu wa serikali, naye alijijengea makao karibu na Ziwa Kivu, akayaita Bergfrieden, yaani Amani ya Mlimani. Kama twatafuta nyumba ambayo Kandt angeweza kuiita yangu, ni ile.

Ya Kigali ilikuwa mambo mengine. Mwaka 1907 Wajerumani walimteua kuwa Residenti wa kwanza wa Rwanda, naye akachagua Nyarugenge kwa kuwa ni katikati ya nchi. Basi nyumba ilikuja pamoja na cheo, na kila mwenye kuvaa sare anafahamu maana yake: unalala chini ya paa la serikali, na siku ya uhamisho unaacha ufunguo. Mwaka 1913 Kandt alikwenda kwao likizo. Vita Kuu ikazuka mwaka uliofuata, hakurudi tena. Mei 1916 Wabelgiji waliingia Kigali, na tarehe 29 Aprili 1918 Kandt akafia mjini Nürnberg. Tukihesabu yote, alikaa Kigali kwa miaka ipatayo sita tu.

Je, serikali ya Kijerumani ndiyo iliyokuwa mwenyewe? Kwa majengo, ndiyo. Lakini kwa desturi ya Rwanda ardhi ilikuwa ya Mwami, na Mwami wa siku zile alikuwa Yuhi Musinga, aliyetawala kuanzia 1896 hadi Wabelgiji walipomwondoa mwaka 1931. Wajerumani wenyewe walitawala kwa kupitia kwake. Hivyo Kandt alikuwa mpangaji wa serikali yake, na serikali yake ilikuwa imekaa juu ya udongo wa mtu mwingine.

Mpelelezi mwenye subira atataka karatasi. Aanzie Dar es Salaam, maana Rwanda ilikuwa chini ya gavana aliyekaa huko, na Nyaraka za Taifa za Tanzania zingali na majalada ya Kijerumani. Mengine yako Berlin. Lakini asitarajie makubwa. Majalada ya serikali huhifadhi amri na hesabu. Wachukuzi waliobeba mizigo na vibarua waliofinyanga udongo huonekana humo kama idadi, ikiwa wanaonekana.

Wapo pia askari, nasi hatukubali kuwapita kimyakimya. Residenti hakuja Nyarugenge peke yake. Jeshi la Kijerumani lilianza mwaka 1889 kwa kuajiri Wasudani, kisha likawachukua Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo. Watu wa makabila mbalimbali waliamrishwa kwa Kiswahili na kupeana zamu kwa Kiswahili, na ndicho walichokileta kilimani pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Msikiti wa kwanza wa Kigali, Al-Fatah, ulijengwa mwaka 1913, mwaka uleule Residenti alipofunga mizigo yake. Yeye aliondoka, watu wale walibaki, wakaoa, wakazaa, na mitaa yao ingali inasikika ikisema.

Nyumba iliwahi kuwa makumbusho ya viumbe na mali ya asili, kisha mwaka 2017 ikawa Makumbusho ya Nyumba ya Kandt. Mwaka huohuo Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi.