Ng'ombe Mchafu: Kosa Lililolala Ndani ya Kompyuta Miaka 9



Siku hizi mishahara yetu, saa za ziada, kilo za majani tunayochuma na makato ya chama vinaandikwa katika kompyuta ya ofisi. Tukiuliza kama hesabu hizo ziko salama, tunajibiwa kwamba mlango una kufuli na kila karani ana neno lake la siri. Jibu hilo halitoshi. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tueleze kisa kimoja cha kweli.

Ndani ya kila kompyuta iko programu kuu, kiini cha mashine. Kazi yake ni kama ya mtunza stoo: ndiyo inayoamua nani asome daftari lipi na nani aandike. Karani hupewa ruhusa ndogo. Msimamizi wa mashine hupewa ruhusa ya kila kitu.

Kiini kiitwacho Linux kinatumika duniani kote, katika mashine kubwa za makampuni na pia katika simu za Android. Mwezi Oktoba 2016 ilitangazwa kwamba kina kosa ambalo lilikuwamo tangu mwaka 2007. Aliyeligundua ni Phil Oester, alipochunguza mashine iliyokuwa imeshambuliwa. Maana yake wezi walikwisha kulijua kabla ya wenye mali.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mtu mwenye ruhusa ya kusoma tu akitaka kuandika, mtunza stoo humwambia: "Daftari kuu usiliguse. Chukua nakala yako, andika humo." Utaratibu huo ni mzuri. Lakini mwizi alituma maombi mawili kwa pamoja, tena na tena, maelfu ya mara. Moja lilisema, "Nataka kuandika," na la pili, "Nakala yangu itupwe." Mara moja katika nyingi nakala ilitupwa wakati ule ule wa kuandika, mtunza stoo akachanganyikiwa, na maandishi yakaingia katika daftari kuu. Kwa njia hiyo mwenye ruhusa ndogo aliweza kujifanya msimamizi wa mashine nzima. Kosa likaitwa Ng'ombe Mchafu, kwa kuwa herufi za kwanza za jina la Kiingereza la utaratibu huo wa nakala husomeka kama neno ng'ombe.

Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, alieleza kwamba alijaribu kuliondoa kosa hilo miaka 11 kabla. Marekebisho yale yalileta matatizo katika aina fulani ya mashine, yakaondolewa, na jambo likaachwa. Mwaka 2016 lilirekebishwa. Mwaka 2017 ikaonekana marekebisho yenyewe yana upungufu, yakatengenezwa tena. Sisi wa viwandani na mashambani tunaijua tabia hiyo: mashine mbovu inayoahirishwa matengenezo mwishowe hukata mkono wa mtu.

Dawa ipo, lakini haimfikii asiyeitafuta. Kompyuta isiyowekewa marekebisho mapya hubaki na shimo lake hata kama duniani limekwisha kuzibwa. Basi kila tawi lifanye mambo matatu.

Kwanza, wajumbe wetu wakikutana na uongozi waulize: nani anatunza kompyuta ya mishahara, na mara ya mwisho iliwekewa marekebisho lini?

Pili, kila mwanachama atunze hati yake ya mshahara, na aandike saa zake na kilo zake katika daftari lake mwenyewe. Daftari hilo halifikiwi na mwizi wa kompyuta.

Tatu, hesabu zikibadilika ovyo, tusikubali karani afukuzwe siku ile ile kwa sababu tu neno lake la siri ndilo lililotumika. Mashine ichunguzwe kwanza. Karani naye ni mfanyakazi mwenzetu.