Daftari la Kijiji: Tuyaandike Maisha Yetu Sisi Wenyewe

Vikundi vingi vya Pwani vina madaftari mawili. Moja ni la kumbukumbu za mikutano, jingine ni la pesa. Katika makala hii tungependa kuzungumza nanyi juu ya daftari la tatu, yaani daftari la kijiji chenyewe.

Humo huandikwa mambo ya kila siku: samaki waliopatikana na bei yao, siku mvua ilipoanza, kisima kilichoingia chumvi, njia iliyofungwa. Huenda mtu akauliza, "Haya si tunayajua sote? Ya nini kuyaandika?" Ni swali zuri, basi tulijibu kwanza.

Kwa nini tuandike?

Kwanza, kijiji hubadilika polepole. Kijana aliyeanza kuvua juzi hudhani kwamba ndoo moja ya samaki ndiyo kawaida ya bahari. Mzee anakumbuka wakati dau lilirudi limejaa, lakini akisema huambiwa hizo ni hadithi za wazee. Hakuna anayejua kweli iko wapi kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Bahari nayo ni mali, na mikoko, na visima.

Pili, haki huhitaji ushahidi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Tufikirie jambo hilo. Likitokea kwetu, lazima ijulikane nani ni mvuvi, anavua wapi, kwa chombo gani na kwa mtego gani. Je, na mama karanga anayenunua samaki pale ufuoni na kuwakaanga, naye ataonekana wapi? Asiyeandikwa ni rahisi kusahauliwa.

Habari ya ardhi ni hivyo hivyo. Watu wengi wa Pwani wameishi mahali pamoja tangu enzi za babu zao bila hati. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaitaka jamii inayotaka kusajili ardhi yake iwe na orodha ya watu wake na ikubaliane kanuni zake. Daftari la kijiji si hati ya shamba, tusidanganyane. Lakini likionyesha makaburi yako wapi, mwembe ulipandwa na nani na kisima kilichimbwa lini, wakili au afisa wa ardhi anapata mahali pa kuanzia.

Tatu, kinachopimwa kinaweza kutunzwa. Kule Gazi, Kaunti ya Kwale, mikoko ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa matumizi ya viwanda. Baadaye ikapandwa upya, na tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu wa hekta 117. Pesa zake zimesaidia maji na shule. Mnunuzi wa namna hiyo hatoi pesa kwa kuambiwa tu kwamba miti ipo. Lazima miti ipimwe, tena irudiwe kupimwa, na vipimo viandikwe.

Tuandike nini?

Msianze na mambo mengi. Nunueni kaunta buku moja ngumu, mgawanye kurasa zake kwa sehemu tano:

1. Bahari. Chagueni siku mbili kila mwezi, moja ya bamvua na moja ya maji mafu. Andikeni vyombo vingapi vimetoka, vya aina gani, mitego gani, kilo ngapi, samaki gani na bei ya kilo. Msisahau kuandika kama ni kaskazi au kusi, maana wakati wa kusi vyombo vidogo vingi havitoki. Ukilinganisha mwezi wa kaskazi na mwezi wa kusi utapata jibu la uongo. Linganisheni Januari na Januari, Julai na Julai.

2. Maji na mvua. Siku mvua ilipoanza na kukatika, visima vilivyokauka au kuingia chumvi, bei ya mtungi wa maji.

3. Ardhi na njia. Ni uwanja gani umezungushiwa ua? Njia gani ya kwenda baharini imefungwa? Bahari imekula ufuo kiasi gani? Hapa tafuteni alama isiyohama, kama jiwe kubwa, mpime kwa hatua kutoka hapo kila mwaka, mwezi ule ule.

4. Kazi na soko. Nani wanashona makuti, nani wanaendesha bodaboda, vijana wangapi wameenda Mombasa au Uarabuni kutafuta kazi, unga unauzwaje.

5. Majina. Kila mwamba wa kuvulia una jina, na mvuvi huupata kwa kulinganisha alama za nchi kavu, kwa mfano mnara na mnazi mrefu. Mnazi ukikatwa na mzee akifariki, jina na mahali vyote vimepotea.

Kuwauliza wazee

Wazee wengi hawahesabu miaka kwa kalenda. Ukimwuliza bibi, "Kisima hiki kilichimbwa mwaka gani?" atakwambia, "Zamani." Lakini ukimwuliza, "Ilikuwa kabla ya Uhuru ama baada?" atajibu mara moja. Basi andaeni orodha ya matukio yanayojulikana na wote: Uhuru 1963, ukame wa 1984, mvua za El Niño za 1997 na 1998, tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, Katiba mpya 2010, ugonjwa wa Korona 2020. Ongezeni na yenu wenyewe, kama mwaka shule ilipofunguliwa. Kwa njia hiyo mtapata mwaka ulio karibu na ukweli.

Waulizeni akina mama peke yao pia. Katika mkutano wa wote wanaume husema habari za bahari, na habari za kuni, maji na pweza wa miambani hubaki bila msemaji.

Nani ashike daftari?

Chagueni waandishi wawili, mmoja mwanamke, na mmoja wao awe kijana. Kila habari iwe na tarehe na jina la aliyeileta, kama mwenyewe amekubali. Watenganishe "nimeona" na "nimesikia". Wakikosea wasifute, wapige mstari mmoja na kuandika sahihi juu yake.

Kila mwezi daftari lisomwe kwa sauti mkutanoni. Asiyejua kusoma atasikia, na aliye na la kusahihisha atasahihisha. Kisha kurasa zipigwe picha kwa simu na zitunzwe kwenye simu mbili tofauti, maana mchwa na unyevunyevu wa Pwani havina huruma. Daftari lenyewe likae ndani ya sanduku la bati.

Mambo ya kuangalia

Daftari la kijiji si la umbea. Magonjwa ya watu, madeni yao na ugomvi wa nyumbani visiandikwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu binafsi, na hata kama isingekuwepo, heshima inatosha. Mgeni akitaka kuchukua nakala, kikundi kikae kwanza kiamue.

Tena tusiandike yale tu yanayotupendeza. Kama nyavu zenye macho madogo ni zetu, na mikoko inakatwa na vijana wetu, tuandike hivyo. Daftari linalolaumu watu wa nje peke yao halitaaminika barazani, na sisi wenyewe halitatusaidia kitu.

Likishajaa

Baada ya mwaka mmoja kaeni siku nzima mlisome lote. Chagueni mambo mawili au matatu yaliyobadilika sana. Katiba ya 2010 inawapa wananchi nafasi ya kushiriki katika mipango na bajeti ya kaunti. Kikundi kinachosema "tuna shida ya maji" ni kimoja kati ya vingi. Kinachosema "visima vyetu vitatu kati ya vitano vimeingia chumvi, na hizi hapa tarehe" ni vigumu kukirudisha nyumbani na ahadi tupu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni mambo gani matatu yamebadilika kijijini kwetu tangu El Niño? Tuna ushahidi gani?

2. Ni wazee gani tuwaulize kabla ya mwezi huu kuisha?

3. Njia zetu za kwenda baharini ni ngapi leo? Zilikuwa ngapi?

4. Nani watakuwa waandishi wetu, na kaunta buku itanunuliwa lini?