Simba Asiyekuwa Simba

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2019, habari zilipoenea kwamba mnyama mkubwa wa kale ambaye mabaki yake yalifukuliwa magharibi mwa Kenya amepewa jina la kisayansi la Simbakubwa kutokaafrika, mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele bila kuuliza swali. Mtu anayepata riziki yake kwa kufundisha isimu, na ambaye kila mwaka huwaambia wanafunzi wapya kwamba Kiswahili chaweza kubeba elimu yoyote ile, hangeweza kujizuia. Hili hapa jina la Kiswahili, limechapishwa katika jarida la kimataifa, na kila mwanasayansi, awe wa Japani au wa Marekani, atalazimika kulitamka.

Majuma machache baadaye nilialikwa kuzungumza na walimu wa shule za upili. Nikalitumia jina hilo kama kielelezo, na katika kulipamba nikasema kwamba tumempata babu wa simba wetu, tena jina lake ni letu. Makofi yalipigwa. Kisha mwalimu mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango, mama wa makamo anayefundisha Biolojia na Kiswahili, akainua mkono.

"Daktari, kwa heshima zako zote, huyo hakuwa simba," alisema. "Wala hakuwa babu wa simba. Niwie radhi, lakini jina limekudanganya."

Msomaji na afikirie hali yangu. Kila muhula huwa nawafundisha wanafunzi kwamba uhusiano kati ya neno na kitu kinachotajwa ni wa nasibu tu, kwamba asiyejihadhari na maneno huongozwa nayo kama ng'ombe wa kamba. Leo ng'ombe alikuwa mimi. Nilimshukuru mwalimu yule, nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo nimejitahidi kusoma kuhusu mambo yasiyokuwa ya taaluma yangu. Ninayoyaandika hapa ni matunda ya aibu ile.

Mabaki ya Simbakubwa yalipatikana mahali paitwapo Meswa Bridge, upande wa Muhoroni, mwishoni mwa miaka ya 1970. Waliochimba hapo walikuwa wakitafuta zaidi mabaki ya jamii ya sokwe. Mifupa ya mnyama huyu, ikiwemo sehemu kubwa ya taya lake la chini, ilihifadhiwa katika droo ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, ikakaa humo miongo kadhaa. Ndipo mtafiti Matthew Borths, aliyekuwa akichunguza wanyama wala nyama wa kale, alipoifungua droo hiyo na kukuta meno ambayo hakutarajia kuyaona. Yeye na mwenzake Nancy Stevens ndio walioandika maelezo ya mnyama huyo na kumpa jina.

Mnyama mwenyewe alikuwa wa kundi la wala nyama liitwalo hayenodonti. Kundi hili halina udugu wa karibu na simba, chui wala paka wa nyumbani. Ukimfunua simba kinywa utaona kwamba kila upande ana jozi moja tu ya magego makali yanayopishana kama makasi kukata nyama. Hayenodonti walikuwa na jozi tatu kila upande, moja nyuma ya nyingine. Na kundi lote lilikwisha kutoweka mamilioni ya miaka kabla ya binadamu, bila kuacha hata mjukuu mmoja. Simba wa Mara na wa Tsavo wana ukoo wao mwingine kabisa, na hawana cha kurithi kutoka Meswa Bridge.

Kuhusu ukubwa wake, magazeti mengi yalishikilia takwimu moja ya kutisha, kwamba alikuwa na uzito wa kilo 1,500, yaani zaidi ya simba dume sita. Takwimu hiyo kweli imo katika makala ya watafiti. Lakini imo pia nyingine ya kilo 280. Tofauti hii inatokana na njia ya kukadiria. Uzito wa mnyama aliyekufa zamani hukisiwa kutokana na vipimo vya meno au mifupa yake, kwa kulinganisha na wanyama walio hai, na ukibadilisha wanyama unaolinganisha nao, jibu hubadilika. Mwanafunzi akiambiwa kilo 1,500 peke yake amenyimwa nusu ya elimu, na pengine nusu iliyo tamu zaidi.

Mnyama huyo aliishi yapata miaka milioni 22 iliyopita, mwanzoni mwa enzi iitwayo Miosini, iliyoanza miaka milioni 23 iliyopita na kwisha miaka milioni 5 na ushei iliyopita. Nchi tunayoiita Nyanza haikufanana na hii tunayoijua. Ziwa Victoria halikuwako, kwani umri wake unakadiriwa kuwa miaka 400,000 hivi, kitoto kichanga katika hesabu za miamba. Bara la Afrika, likiwa limeungana na Arabia, lilikuwa limekaa kwa muda mrefu kama kisiwa kikubwa, na njia ya nchi kavu ya kwenda Asia ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kufunguka. Palikuwa na pimbi wakubwa mno kuliko hawa wadogo tunaowaona wakiota jua juu ya majabali. Palikuwa na jamaa za ndovu ambao pembe zao ziliota katika taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Volkano za Tinderet na Kisingiri zilitapika majivu yenye chokaa na magadi, ya namna inayotokana leo na mlima Ol Doinyo Lengai nchini Tanzania, na majivu hayo ndiyo yaliyoihifadhi mifupa isiliwe na asidi ya udongo. Wakulima wa miwa wanaopita hapo leo wanakanyaga majivu hayohayo.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba sehemu zote hizo zilikuwa msitu mnene mtupu, na kwamba mbuga za nyasi zilikuja baadaye sana. Mwaka wa 2023 uchunguzi uliojumuisha maeneo ya Kenya na Uganda, hasa Moroto, ulionyesha kwamba nyasi za kitropiki za namna ile tunayoijua leo zilikwishaenea baina ya miti yapata miaka milioni 21 iliyopita, miaka milioni 10 mapema kuliko ilivyodhaniwa. Palikuwa na msitu hapa, miti iliyotawanyika pale, nyasi kwingineko. Daftari lililoandikwa kabla ya hapo linahitaji kusahihishwa.

Sasa nirudi kwenye jina, maana hapo nina haki ya kusema. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili walipoliona waliangua kicheko. Walisema ni Kiswahili cha soko la Gikomba, kwamba simba ni wa ngeli ya A-WA na kwa hiyo hatuna budi kusema simba mkubwa. Niliwaambia wasiwe wepesi wa kucheka. Kiswahili kina hali ya ukubwa, ambamo nyoka huwa joka na mtu huwa jitu, na katika hali hiyo tunasema joka kubwa na jitu kubwa pasipo kosa lolote. Simba aliyekuzwa namna hiyo akiitwa simba kubwa, hajavunja sheria, amekuwa dubwana. Sidai kwamba waliompa jina waliwaza hivyo. Nasema kwamba sarufi yetu ina mlango wa kuwapokea. La kutokaafrika ndilo linalonikera zaidi, maana limebandikwa kama stempu mbili juu ya barua moja, lakini hilo halina dawa. Sheria za kuwapa wanyama majina ya kisayansi ni kwamba jina likishachapishwa ipasavyo, halibadilishwi kwa sababu ya sarufi.

Na kama jina hili linapotosha, si la kwanza. Hilo la hayenodonti lenyewe limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni jino la fisi, ilhali wanyama hao hawakuwa fisi. Jina la Proconsul, ambalo vizazi vya wanafunzi wa mfumo wa 8-4-4 vilikariri katika somo la Historia, lilitolewa mwaka wa 1933 kwa visukuku vya Koru, na lilitokana na Consul, sokwe wa Uingereza aliyefunzwa kufanya vituko mbele ya watazamaji. Yaani kiumbe wa Koru aliyeishi karibu miaka milioni 20 iliyopita aliitwa mtangulizi wa sokwe wa maonyesho. Wazungu hawakuona haya kwa jina hilo, nasi tulilikariri bila kujua mzaha uliomo ndani yake.

Katika miaka ya karibuni lugha zetu zimeingia kwa wingi katika orodha hiyo. Jirani zetu wa Tanzania wana Asilisaurus kongwe wa mwaka wa 2010, na Mnyamawamtuka moyowamkia wa mwaka wa 2019, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya mto Mtuka na kwa sababu mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Wana pia Mambawakale ruhuhu, ambaye mifupa yake ilichukuliwa katika bonde la Ruhuhu mwaka wa 1963, ikapelekwa London, ikapata jina mwaka wa 2022. Waliompa jina walieleza wazi kwamba Kiswahili kilikuwa njia ya kuwakumbuka Watanzania waliofanya kazi kubwa katika msafara ule na ambao majina yao hayakuandikwa. Nililisoma jambo hilo mara mbili. Mtu alibeba mifupa kichwani, jina lake likapotea, na malipo yake miaka 59 baadaye ni kwamba lugha yake imeandikwa juu ya mamba.

Hapa kwetu kuna aliyepata zaidi ya hapo. Heselon Mukiri, aliyefanya kazi na Louis Leakey kwa miaka mingi, alipewa heshima mwaka wa 1993, wakati aina mojawapo ya viumbe wa Kisiwa cha Rusinga ilipoitwa heseloni. Ni viumbe wa jamii ya sokwe wa kale, walioishi yapata miaka milioni 18 iliyopita, nao ndio waliovuma duniani Mary Leakey alipopata fuvu mojawapo mwaka wa 1948. Kisha mwaka wa 2015 wataalamu wakaona kwamba viumbe wa Rusinga wanatofautiana na wale wa Koru kiasi cha kustahili jina lao wenyewe. Wakawaita Ekembo, neno la Kisuba la kumtaja sokwe.

Nilikwenda Rusinga na wanafunzi wanane. Tuliviona vilima vya kijivu ambamo matunda, mbegu na hata wadudu wa Miosini wamepatikana wakiwa wamegeuka mawe. Lakini mimi nilikwenda kutafuta neno. Niliwauliza watoto waliokuwa wakichunga mbuzi kama wanalijua neno ekembo. Walitazamana, wakajibu kwa Kiingereza kwamba ni kisukuku. Katika lugha ya nyumbani hawakuwa nalo, kwa kuwa lugha ya nyumbani ni Kidholuo. Kisuba kimekuwa kikipungua wasemaji kisiwani humo kizazi baada ya kizazi. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alisema kwamba maneno ya namna hiyo yalikuwa ya nyanya yake. Alijaribu kukumbuka mengine, akapata matatu, akacheka, akaendelea kushona.

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika maneno yale matatu pembeni mwa daftari lake. Sikuwa nimemwagiza.

Mwalimu yule wa karibu na mlango tumeendelea kuandikiana. Yeye ndiye aliyenieleza shida ambayo sikuwa nimeiona katika furaha yangu ya 2019: jina ni la Kiswahili, lakini akitaka kueleza mnyama mwenyewe kwa Kiswahili anakwama katika sentensi ya pili. Tuna visukuku, neno zuri na lililokubalika. Lakini yale magego makali ya kukatia nyama tutayaitaje? Nilipendekeza istilahi ndefu yenye viambishi vitatu. Yeye alikwenda kwenye bucha ya mtaani kwao, akamwonyesha muuzaji picha ya taya. Muuzaji akasema bila kusita kwamba hayo ni meno-makasi. Nimeshindwa kupata lililo bora kuliko hilo.

Shida kubwa zaidi ni ya wakati. Wanajiolojia hugawa historia ya dunia kwa ngazi, kubwa ikibeba ndogo: Senozoiki ina Neojini ndani yake, na Neojini ina Miosini ndani yake. Kila ngazi ina jina lake maalumu katika lugha zao. Sisi tuna enzi, zama, kipindi na dahari, maneno mazuri yote, lakini vitabu vyetu huyatumia kama kwamba ni kitu kimoja, hata katika ukurasa mmoja, nami katika makala haya nimeita Miosini enzi kwa mazoea tu. Mwanafunzi atajuaje kipi kimo ndani ya kipi? Mwalimu wangu anataka dahari iwe ndiyo kubwa kuliko zote, kisha zama, kisha kipindi, kisha enzi. Mimi naona enzi inanuka utawala wa wafalme, na ningependa ipishwe kando. Amenijibu kwamba darasa lake limekwisha kuizoea, na kwamba wanafunzi wake 43 wameandika Simbakubwa, meno-makasi na takwimu zote mbili za uzito bila taabu. Kuhusu enzi tungali tunabishana.