Betri Ndogo Katika Koo la Mtoto

Ajali nyingi za watoto hujitangaza zenyewe. Aliyeungua kwa maji ya moto hulia, na aliyevunjika mkono huonekana. Lakini iko ajali moja isiyopiga kelele. Mtoto wa miaka miwili humeza betri ya duara, bapa kama kifungo cha koti, kisha akarudi kwenye michezo yake. Jioni hukataa chakula, mate humtoka, hukohoa. Mama husema ni mafua, na pengine hata mganga wa zahanati asiyeambiwa habari ya betri husema hivyo hivyo.

Betri hizi siku hizi zimo katika saa, mizani, funguo za motokaa, na vitu vya kuchezea vyenye taa au muziki. Ikishuka hadi tumboni, mara nyingi hutoka yenyewe kwa choo. Hatari kubwa ni ikikwama katika umio, yaani njia ya chakula. Hapo hugusana na nyama yenye unyevu, umeme ukapita, na umeme huo huyageuza maji ya mwilini kuwa kitu kikali mfano wa kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Watu wengi hudhani kwamba betri hudhuru kwa kupasuka na kuvuja. Sivyo. Betri nzima huunguza, na hata ile iliyochoka, isiyoweza kuendesha saa tena, yaweza kuwa na nguvu ya kutosha kudhuru. Zilizo mbaya kupita zote ni za lithiamu zenye upana wa milimita 20 au zaidi. Kwa muda wa saa mbili tu zaweza kuunguza umio vibaya sana.

Kwa hiyo mzazi asingoje dalili. Akishuku tu kwamba betri imemezwa, ampeleke mtoto mara moja kwenye hospitali yenye mashine ya eksirei. Asimtapishe, wala asimpe chakula. Kitu kimoja kinaruhusiwa, nacho kimo katika nyumba nyingi, hasa za Kitui na Baringo: asali. Mtoto aliyepita mwaka mmoja, awezaye kumeza, na ambaye hajapitisha saa 12 tangu ajali, apewe vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara 6. Asali hupunguza ukali wa mwunguzo, haiiondoi betri. Basi apewe njiani, si nyumbani huku gari likingojwa kesho. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali kamwe.

Hospitalini kosa jingine laweza kutokea, kwa kuwa katika picha betri hufanana sana na sarafu, na sarafu mara nyingine huachwa ishuke yenyewe. Daktari mwangalifu hutazama ukingo: betri huonyesha duara mbili, moja ndani ya nyingine, na ikipigwa picha kwa ubavu huwa na kingazi kidogo. Ikiwa imekwama katika umio, mtoto hulazwa usingizi na betri hutolewa kwa mrija wenye taa bila kungoja asubuhi.

Hata baada ya kutolewa, kidonda huweza kuendelea kuchimba hadi kufikia mshipa mkubwa wa damu, pengine baada ya siku kadhaa au majuma. Mtoto akitapika damu, ingawa ni kidogo, au choo chake kikawa cheusi, arudishwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.